Tinti ya asilimia 5 kwenye IST: mchana raha, usiku kasheshe

Hii Toyota IST nimeinunua kwa mtu ikiwa na tinti tayari, asilimia 5 pembeni na nyuma, nyeusi tii. Kwa wasiojua, hiyo asilimia ni mwanga unaopita sio giza, kwahiyo namba ikishuka ndo kiza kinazidi, na kioo chenyewe kabla hata ya tinti kinakula mwanga kidogo so unachobaki nacho hakifiki hata hiyo 5.

Mchana sina neno. Foleni ya Ubungo saa nane jua linawaka we umetulia zako, ac haihangaiki, simu iko kwenye kiti hakuna anayeiona.

Kasheshe inaanza giza likiingia. Watu wanasema si kioo kikubwa cha mbele ni cheupe, utaona tu, sawa mbele unaona, ila saidi mira unaitazama kupitia kioo cha mlango jamani! Gari inayokuja nyuma unaona vidoti viwili tu vya taa, iko mbali au ishafika hujui, na bodaboda asiyewasha taa ndo humwoni kabisa mpaka apige honi. Kutoka mtaani kuingia barabara kubwa unashusha kioo unatoa shingo kama kobe, sasa mvua ikinyesha kioo hakishuki, hapo ni dua tu. Na mtu anayevuka zebra akichungulia ndani hakuoni, hajui kama umemwona au la, basi mnabaki mnategeana pale.

Nikampelekea fundi Ilala abandue milango ya mbele, anapasha na hita anavuta taratibu, gundi iliyobaki anakwangua kwa wembe na maji ya sabuni. Nikaweka tinti ya seramiki ya asilimia 50. Bei imechangamka kweli ila inazuia miale ya joto bila kuwa nyeusi, mkono wa upande wa dirisha hauungui na saidi mira usiku naiona vizuri. Siku za mwanzo ina ukunguukungu wa maji, unakauka wenyewe, ila usishushe vioo.

Milango ya nyuma nimeiacha, watoto wanalala. Kioo cha nyuma nacho nataka kitoke maana kurudi rivasi usiku ni kubahatisha, ila kina zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu, wembe ukizipitia umezikata. Natafuta fundi anayebandua kwa mvuke, mwenye naye Dar anitajie.