Majirani Wawili Juu ya Barafu: Uchambuzi wa Filamu ya Grumpy Old Men

Hamjambo, watazamaji wangu, na karibuni tena. Filamu ya leo nimeiangalia mara tatu ndani ya wiki mbili, na mara ya tatu niliiwasha kwa ajili ya dakika chache za hospitalini ambazo nitawaonyesha baadaye, kwa hiyo nawaomba msiondoke. Inaitwa Grumpy Old Men. Iliongozwa na Donald Petrie, ikatoka siku ya Krismasi ya mwaka 1993, na wazee wawili wanaoibeba mabegani ni Jack Lemmon na Walter Matthau.

Kisa chenyewe nitakipitia haraka. John (Lemmon), mwalimu mstaafu, na Max (Matthau), fundi mstaafu wa televisheni, wanaishi nyumba jirani katika mji mdogo wa Wabasha, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako majira ya baridi ziwa huganda hadi watu wanaendesha magari juu yake. Walikuwa marafiki tangu utotoni, kisha wakagombana kwa sababu ya msichana, na ugomvi huo wameutunza kwa miongo kadhaa kama watu wengine wanavyotunza shamba la urithi. Sasa wote wawili wanaishi bila mke. Ndipo Ariel, ambaye anaigizwa na Ann-Margret, anapohamia mtaani kwao, na moto uliokuwa umefunikwa na majivu unawaka upya.

Tazameni hapa, nimesimamisha picha. Max ameketi nyumbani kwake anaangalia televisheni, na John yuko nje dirishani, gizani, ameshika rimoti, anabadilisha chaneli za mwenzake. Kumbukeni kwamba anayehangaika ndani ni fundi wa televisheni, mtu aliyeishi kwa kutengeneza vyombo hivyo hivyo. Sasa narudisha nyuma ili muutazame uso wa Matthau peke yake. Mashavu yake yananing'inia, mdomo umefungwa, hasemi neno, na hasira yake inapanda polepole kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Mwigizaji mwingine angepiga kelele tangu mwanzo na tukio lote lingeharibika, lakini huyu anakulazimisha usubiri, na wewe unacheka kabla yeye hajafanya lolote.

Michezo hiyo haiishi. John anamfichia Max samaki ndani ya gari mpaka harufu inamtesa, na Max analitumia gari lake kusukuma banda la John la kuvulia samaki hadi mahali ambapo barafu ni nyembamba. Hapo niliacha kucheka, kwa sababu mtu anaweza kufa. Sisi tuliokulia kwenye utani tunajua kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kuku wako, hata kukucheka msibani, lakini ndiye huyo huyo anayeshika jembe kwenda kuchimba kaburi. Nilikuwa nikijiuliza muda wote kama uhusiano wa wazee hawa ni utani au ni uadui, na filamu inachelewa kunijibu, jambo ambalo ninalisifu sana.

Jibu linakuja hospitalini. John anapatwa na shambulio la moyo, Max anamkuta ameanguka kwenye theluji, na tunafika kwenye tukio ninalotaka mlitazame pamoja nami bila haraka. Muuguzi anamuuliza Max kama yeye ni ndugu au rafiki wa mgonjwa. Nasimamisha hapa. Swali hilo ni la kawaida kabisa, linaulizwa katika kila hospitali duniani, lakini kwa mzee huyu ni sawa na kuulizwa maisha yake yote yamekuwa na maana gani. Ananyamaza kidogo, kisha anajibu kwa neno moja: rafiki. Hakuna hotuba wala machozi, na baada ya kuliona mara tatu bado koo langu linakauka.

Kuna jambo linaloongeza uzito wa tukio hilo kwa anayewafahamu waigizaji hawa. Lemmon na Matthau walicheza pamoja kwa mara ya kwanza katika The Fortune Cookie ya mwaka 1966, na wakati filamu hiyo inapigwa picha, Matthau alipata shambulio la moyo la kweli, kazi ikasimama kwa wiki kadhaa. Sasa mtu yule yule, akiwa amevuka miaka 70, anamtazama rafiki yake wa miaka mingi akilala kitandani kwa maradhi yale yale. Sidhani kwamba uso ule ulihitaji mazoezi.

Kinachoniudhi ni mapenzi ya vijana. Binti wa John na mwana wa Max, yaani Daryl Hannah na Kevin Pollak, wanapewa nafasi ambayo hawaijazi, na kila wanapotokea mimi natamani turudi ziwani. Nilikuwa nimeandika pia kwamba kisa cha deni la kodi ya serikali linalomwandama John ni mzigo mtupu, lakini nimebadilisha mawazo: bila deni lile tusingeelewa kwa nini mtu mwenye kiburi anamkwepa mwanamke anayempenda. Na Ariel anapendwa kweli. Filamu haiwacheki wazee kwa kutamani, inawacheka kwa ukaidi wao tu. Ng'ombe hazeeki maini, na hapa methali hiyo imepewa heshima yake.

Wengi mmeniuliza kama muanze na The Odd Couple ya mwaka 1968, filamu nyingine ya Lemmon na Matthau. Ile imeandikwa kwa ustadi zaidi, lakini hii ina joto zaidi, na kwa jioni ya kupumzika mimi naichagua hii. Sehemu ya pili, Grumpier Old Men ya mwaka 1995, ambamo Sophia Loren anaingia, nitaichambua wiki ijayo hapa hapa kwenye chaneli yetu, kwa hiyo jiandikisheni ili isiwapite. Kuhusu bei, niliikodi mtandaoni kwa fedha pungufu ya sahani ya pilau, na thamani yake niliipata kabla Ariel hajavuka barabara.

Angalizo moja kwa familia: Burgess Meredith, anayeigiza baba wa John, ana mdomo mchafu, hivyo msiiangalie mbele ya wakwe. Filamu ilipotoka alikuwa na miaka 86 na "mwanawe" Lemmon alikuwa na 68, lakini huna shaka hata kidogo kwamba ni mzazi anayemkaripia mtoto. Majina ya waigizaji yatakapoanza kupita mwishoni, msizime. Pale zimewekwa picha za makosa ya wakati wa kurekodi, na Meredith anajaribu mzaha mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mbaya kuliko uliotangulia.