Eksteno ya Kutunzia Kumbukumbu za Miaka: Tazama Tundu la Waya Kwanza

Wengi mnaoniandikia hamniulizi tena mnunue eksteno, yaani diski ya nje ya kuchomeka kwenye kompyuta, ya ukubwa gani. Mnaniandikia mambo yakishaharibika: "Dada, eksteno yangu haisomi, na fundi anasema haiwezekani. Nifanyeje?" Mwanafunzi wa uzamili pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) data zote za utafiti wake zimo humo. Mwenye studio Area C ana picha za harusi ambazo wateja hawajamalizia hata kulipa. Mhasibu wa kikundi cha kukopeshana huko Kizota ana daftari la wanachama wote. Na ukiwauliza, hadithi ni moja: haikuanguka, haikumwagikiwa chai, haikuingiwa na virusi. Tundu la waya lilianza kulegea. Mwanzoni ilikuwa inasoma ukiushikilia waya kwa kidole, baadaye ikawa inasoma ukiuegesha kwenye kitabu, sasa haisomi kabisa, ingawa ukiisogeza sikioni unasikia diski ndani inazunguka vizuri tu.

Basi leo sizungumzii kasi. Kitu kitakachokaa kabatini miaka kasi yake ya nini? Rangi ya kava ni mapenzi yako. Ukubwa unaujua mwenyewe. Ila 1TB ikisomeka 931GB kwenye Windows usirudi dukani kugombana, hapo hujaibiwa, ni kiwanda na Windows wanahesabu tofauti. Nazungumzia tundu.

Ndani ya eksteno ndogo nyingi kuna diski ya kuzunguka (hard disk) ya inchi 2.5, na chini yake bodi ya kijani au ya bluu. Viwanda vinatofautiana jinsi vinavyounganisha tundu la USB na hiyo diski. Aina ya kwanza, tundu limekaa kwenye kadi ndogo ya pembeni, na kadi hiyo imechomekwa tu kwenye diski kwa kiunganishi cha SATA, kile kile cha diski za laptopu. Tundu likifa, fundi anafungua kava, anaichomoa ile kadi, anaitupa, anachomeka diski kwenye adapta nyingine, na mafaili yako yote yapo. Kazi ya dakika chache, hata fundi wa kawaida wa Majengo anaiweza.

Aina ya pili, tundu limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski yenyewe. SATA hakuna. Ukifungua unakuta diski ambayo mdomo wake pekee ni hilo tundu lililong'oka. Hapo fundi lazima alehemu tundu jipya juu ya bodi ile ile inayobeba roho ya mafaili yako, na akizidisha moto akang'oa vinjia vya shaba, umeanza safari ya kutafuta mtaalamu wa kuokoa data. Kuna na la zaidi. Kwenye My Passport za WD (Western Digital) data hufichwa kwa msimbo na chipu iliyo kwenye bodi, hata kama wewe hukuwahi kuweka nenosiri. Kwa hiyo hata fundi akipata njia ya pembeni ya kuisoma diski, kinachotoka bila ile chipu ni takataka tupu.

Boksi haliandiki habari hizi. Muuzaji hazijui. Na ndizo zinazoamua kama 2035 utaona picha za marehemu bibi au hutaziona.

Nafasi ya kwanza: Seagate Expansion

Naipendelea Seagate, nasema wazi, na hakuna anayenilipa. Eksteno zake ndogo, kuanzia hizi za Expansion, kwa kawaida zina diski ya SATA na kadi ya pembeni. Kwangu mimi hilo limemaliza mjadala. Nimewaona mafundi wakiziokoa hizi nikiwa nimekaa hapo hapo kwenye benchi nakula karanga.

Kasoro zake ninazijua. Ukiimwagia mafaili ya 300GB kwa mpigo, itaanza mbio halafu itajikokota, kwa sababu njia za data kwenye sahani zake zimepandana kama vigae vya paa ili nafasi iongezeke. Iache inakili usiku kucha, wewe ulale. Tundu lenyewe pia ni lile lile pana la kizamani linalolegea, tofauti ni kwamba hapa likilegea hakuna msiba.

Haina ulinzi wake wa ndani, na mimi nasema afadhali. Ulinzi weka mwenyewe. Kama Windows yako ni Pro, washa BitLocker, kifungio cha mafaili kilichomo ndani ya Windows yenyewe. Kama ni Home, huwezi kuiwashia eksteno BitLocker, ila VeraCrypt ni ya bure na inafanya kazi hiyo vizuri. Diski iliyofungwa hivi unaweza kuitoa kwenye kava lake na kuisomea kwenye kompyuta nyingine, mradi nenosiri unalo. Liandike kwenye karatasi, na karatasi isikae begi moja na eksteno. Wenye SACCOS, zahanati na shule binafsi hili si la hiari tena: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Eksteno yenye majina, namba za simu na madeni ya watu ikisahaulika kwenye bodaboda, utaanzaje kujieleza?

Nafasi ya pili: kasha na diski ya laptopu

Hapa unanunua diski ya laptopu peke yake, na kasha la USB peke yake, unaviunganisha mwenyewe bila hata bisibisi. Kwa kipimo changu cha tundu, hii ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza. Kasha likiharibika unanunua kasha jingine kwa bei ya chipsi mayai chache.

Imeshuka kwa sababu ya wauzaji. Diski nyingi zinazouzwa peke yake hapa mjini zimetolewa kwenye laptopu chakavu, zikafutwa vumbi, zikatiwa kwenye mfuko mpya wa plastiki wenye kung'aa, na unaambiwa "mpya, boksi limepotea". Kabla hujalipa, omba ichomekwe kwenye kompyuta yenye CrystalDiskInfo, programu ya bure. Tazama saa za kuwaka. Diski mpya inasoma sifuri au saa chache. Nimeonyeshwa "mpya" yenye saa zaidi ya elfu ishirini. Hiyo imewaka usiku na mchana zaidi ya miaka miwili, pengine kwenye kamera za ulinzi. Muuzaji alinitazama machoni akasema programu yangu ndiyo mbovu.

Na hata namba hizo zinachezewa. Mwanzoni mwa 2025 huko Ujerumani ziligundulika diski za Seagate za seva zilizokwishatumika, hesabu zake zimerudishwa sifuri, zinauzwa kama mpya. Najua mtanirushia hilo kwa kuwa ni Seagate. Diski ilifanya kazi yake. Aliyezirudisha hesabu nyuma ndiye mwizi.

Nafasi ya tatu: WD na Toshiba

Diski zenyewe ni nzuri, sina ugomvi nazo. Ila WD ndogo za My Passport na Elements, pamoja na Toshiba Canvio Basics, kwa kawaida ni za lile tundu lililolehemiwa kwenye bodi. Kama unayo tayari, usiitupe. Ukimaliza kazi chomoa waya upande wa kompyuta, upande wa eksteno uache ulivyo, na uihifadhi kwenye boksi gumu ambalo waya haupindi. Usiitumie ikiwa imening'inia pembeni mwa meza. Na kilichomo humo kiwe na nakala mahali pengine wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi.

Nafasi ya nne: SSD za mkononi

Hapa ndipo nitakapogombana na vijana wa studio. SSD, yaani diski ya chipu tupu, haina kinachozunguka, inavumilia kuanguka, na kwa kuhariri video sina neno. Lakini SSD hutunza data kwa chaji ya umeme iliyonaswa kwenye vijumba vidogo mno, na chaji hiyo huvuja taratibu ikikaa bila kuchomekwa. Joto huharakisha. Kipimo cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa hivi, kinadai SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyokwishamaliza umri wake wa kuandikwa ishike data mwaka mmodi bila umeme kwenye nyuzi 30. Iliyo mpya hushika zaidi ya hapo. Ila sasa fikiria chumba cha bati Chang'ombe mwezi wa Novemba, droo imefungwa, na wewe umeisahau SSD humo tangu mahafali. Diski ya kuzunguka hutunza kwa sumaku, haina tabia hiyo. Kama unayo SSD, ichomeke mara mbili kwa mwaka, ifungue mafaili mawili matatu, irudishe.

Flashi na memori kadi

Za kupelekea kazi steshenari. Flashi ya "2TB" kwa elfu kumi na tano ni uongo uliotiwa plastiki: imedanganywa isome ukubwa huo, ikijaa inaandika juu ya mafaili yako ya zamani kimyakimya. Ipime kwa programu ya H2testw. Nimemaliza.

Google Drive inakupa 15GB za bure, itumie kwa tasnifu na vyeti, lakini ingia walau mara moja moja, maana tangu Desemba 2023 Google wanafuta akaunti binafsi ambazo hazijaguswa kwa miaka miwili. DVD sipotezi muda nazo, laptopu mpya hazina pa kuiweka.

Nunueni mbili. Wapiga picha wamezoea kanuni aliyoieneza mwenzao wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za vyombo, moja ikae nje ya nyumba. Ukiwa na eksteno moja Ilazo na nyingine kwa mama Singida, na vile vya muhimu viko Google, moto wala mwizi hawakumalizi kwa siku moja.

Sasa bei. Kila nikiuliza kwa nini eksteno ya Kariakoo ikifika Dodoma inapanda hivi, jibu ni "usafiri, dada". Usafiri gani? Eksteno haifiki hata robo kilo. Treni ya umeme inakuja toka Dar kwa takriban saa nne tangu 2024, abiria mmoja anabeba ishirini kwenye begi la mgongoni na bado ana pa kuweka nguo. Kisha unalipa hiyo bei, unaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unaambiwa mashine haina mtandao, na waranti ya kiwanda inageuka kuwa stika ya duka ya siku saba. Ukidai risiti kwa sauti kidogo, mashine inapata mtandao. Daini kwa sauti, kwa sababu bila risiti hiyo huenda mkashindwa kuidai hata waranti ya Seagate.

Dada wa Kondoa aliyeuliza kama kasha la kawaida litaingia diski ya 5TB aliyoitoa kwenye kava lililovunjika: haliingii. Diski hizo kubwa za inchi 2.5 zina unene wa milimita 15, na makasha mengi yanaishia milimita 9.5. Tafuta adapta ya waya ya SATA kwenda USB isiyo na kasha, nakili kila kitu kwanza, mambo ya kava mpya yafuate baadaye.