Zile tablo za nyumba za Idjwi: muende, lakini muende asubuhi

Jana mchana nilipita kuangalia zile tablo sita (picha za kuchora) za nyumba za zamani za Idjwi, kisiwa chetu cha ziwa Kivu, familia moja ilizitoa zawadi ziingie kwenye mkusanyo wa picha wa watu wote hapa Goma. Kuingia ni bure. Nilienda na mama, yeye ni Muhavu, kabila la kule kisiwani, wa Rubenga, upande wa kaskazini ya kisiwa, na bila yeye ningezunguka dakika kumi nirudi zangu.

Ju yeye alifika kwa ile ya tatu akakataa kutoka. Ni nyumba ya duara, majani kutoka kichwani mpaka chini, ukuta hauonekani, kama kitunga umekipindua. Sasa mchoraji ameweka moshi unatoka polepole katikati ya majani yenyewe, kule juu ambako yameshakuwa meusi, hakuna dirisha hakuna tundu. Mama akasema huyu aliingia ndani. Anayechora kwa kuangalia picha ya kalenda anasahau moto, na moto njo ulikuwa unailinda ile nyumba, moshi unakausha majani unafukuza wadudu, nyumba isiyowashwa moto inaoza mbio. Halafu pale mlangoni upande mmoja majani yamelala yamelainika, pale watu walikuwa wanashika mkono wakiinama kuingia. Mama naye akainama kidogo mbele ya tablo, nafikiri hata hakujua kama ameinama.

Ya nne nayo nzuri, nyumba ya majani iko pembeni ya nyumba ya manjanja (mabati), kiwanja kimoja, migomba nyuma. Siku hizi ukikaribia Idjwi na boti unaona manjanja tu yanang'aa, kwa hiyo kwa batoto wetu hii picha ni kazi kubwa sana, asante kwa ile familia, wangeweza kuziuza kwa wazungu na hakuna angewauliza.

Mbili za mwisho hazikunigusa, ziwa ni bluu kupita kiasi na nyumba ziko mbali kama uyoga.

Shida yangu ni sali, ule ukumbi wenyewe. Dirisha kubwa linaangalia magharibi, saa tisa jua linapiga moja kwa moja kwenye vioo vya kadre, unajiona uso wako mwenyewe. Na hizi ni rangi za maji jamani, jua linazikula! Waweke rido (pazia) nzito ama wazihamishe ukuta wa pili, haitaki pesa nyingi. Tena kikaratasi chini kimeandikwa "Nyumba ya Afrika", basi. Afrika wapi? Idjwi ni kisiwa cha pili kwa ukubwa kati ya visiwa vyote vya maziwa ya Afrika, baada ya Ukerewe ya Tanzania, kiko hapa mbele yetu, boti zinaenda kila siku, na jina lake halipo! Iliniuma kweli. Yule kijana wa mlangoni alitusikiliza vizuri, akampa mama daftari la wageni, mama akaandika jina la kisiwa na la Rubenga kwa herufi kubwa.

Nawapa nyota 4 kwa 5, ile moja ni ya jua na kikaratasi. Mukiwa na mzee nyumbani mumupeleke. Sisi Jumamosi tunarudi na mjomba, yeye alishajenga nyumba moja ya hivyo kwa mikono yake.