Old School RuneScape kwa anayeanza leo: hujachelewa, ila ingia bure kwanza

Jamani naomba niandike haya yote mahali pamoja, manake vijana wa hapa Amu wananiuliza swali lile lile kila jioni, eti hii gemu unayokaa nayo ukitoka kuswali isha ni gemu gani, na je mtu akianza leo si amechelewa, wenziwe walianza zamani sana. Hujachelewa. Gemu yenyewe ni Old School RuneScape, ya mtandaoni, una mtu wako unayemkuza taratibu kwenye dunia moja na wachezaji wengine. Mimi naipa alama nzuri sana na ningemwambia mtu yeyote mwenye subira aijaribu, lakini kuna namna ya kuingia na kuna makosa ambayo mgeni anayafanya wiki ya kwanza halafu anafuta kila kitu kwa hasira, na mimi sitaki ufute.

Kwanza ujue unapakua nini. RuneScape yenyewe ilitoka Januari 2001, ikatengenezwa Uingereza na Andrew Gower na ndugu zake, na kampuni yao Jagex iko Cambridge hadi leo. Ikabadilishwa mara nyingi mpaka wachezaji wa zamani wakaona hii sio gemu yetu tena, wakalalamika sana, kampuni ikapata nakala waliyokuwa wameihifadhi ya Agosti 2007, wachezaji wakapiga kura, na Februari 2013 ikafunguliwa upya kwa jina la Old School RuneScape. Kwa hivyo leo ziko mbili, kila moja na dunia yake, na ulichokusanya huku hakivuki kwenda kule. Mimi nazungumzia hii ya Old School. Tangu Oktoba 2018 iko kwenye simu na ni gemu ile ile ya kompyuta, akaunti ni moja, unaweza kuanza kwenye simu ukamalizia kwenye kompyuta. Binamu yangu wa Malindi anachezea kompyuta na mimi niko na simu yangu ya kawaida tu hapa Langoni na tunakutana ndani kama kawaida.

Ukiiona mara ya kwanza utasikitika, nakwambia ukweli. Watu wana mikono kama vijiti, miti imekatwakatwa pembe, maji ya bahari ni buluu tu imepakwa chini. Kama umezoea gemu za kupigana za siku hizi utaona hii ni ya kitoto. Vumilia siku mbili, macho yanazoea, na huo uzee wa picha ndio unaoifanya iende kwenye simu ambayo gemu nyingine zinagoma hata kufunguka.

Kitu kilichonifanya nibaki ni mtandao. Sisi watu wa visiwani tunajua mtandao unavyokuwa, sasa hivi una baa zote, upepo ukigeuka huna hata moja, na gemu za kupiga risasi ukichelewa nusu sekunde umeshakufa zamani. Hii imejengwa tofauti. Dunia nzima ya gemu inakwenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, ukibonyeza jambo lolote linasubiri pigo linalofuata ndio lifanyike, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu hata aliye jirani na seva. Kwa hivyo ule ucheleweshaji wa kutoka Lamu mpaka Ulaya mara nyingi unamezwa ndani ya pigo na hata huusikii. Ukifungua orodha ya dunia za kuchagua, yaani seva, chukua za Uingereza au Ujerumani. Sisemi mambo yote ni laini, kwenye mapigano makali ya majitu makubwa utaumia, lakini mgeni hafiki huko kwa muda mrefu sana. Na bando hailiwi kwa fujo kama video, hilo nalo nimeliona mwenyewe.

Sasa kuanza. Unatua kwanza kwenye kisiwa cha mafunzo, usikiruke wala usikichoke, halafu unatolewa unawekwa Lumbridge, mji mdogo wenye ngome. Hapo hakuna anayekwambia uende wapi na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mimi nasema hivi, ingia jikoni kwenye ile ngome, kuna mpishi anataka yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga atengeneze keki. Mtafutie. Ni kazi ya dakika chache lakini inakufundisha gemu nzima, manake ngano unaivuna mwenyewe shambani, unapanda nayo juu ya kinu, unaimwaga, unavuta mtambo, unateremka chini kukinga unga na chungu chako, na ng'ombe unamkama mwenyewe. Hizo kazi za hadithi wao wanaita kwesti, na tofauti na gemu nyingi hapa sio kwenda kuua panya kumi urudi, kila moja ina kisa chake. Ndio uzuri wake mkubwa.

Baada ya hapo kavue samaki. Najua nitaambiwa huyu ni mtu wa Lamu lazima aseme uvuvi, lakini nisikilize. Unaanza na uduvi kwa kimia kidogo, mmoja unakupa XP 10 tu, yaani alama za uzoefu zinazokupandisha leveli, unavua unakaanga unakula, huwezi kufa njaa wala kukosa cha kujiponya ukipigana. Unapanda taratibu mpaka ukifika leveli 40 ya uvuvi unaruhusiwa kutega kambakoche, na hapo gemu inabadilika. Unakwenda bandari ya Port Sarim, unanunua dema kwenye duka la vitu vya uvuvi, unalipa nauli sarafu 30 unapanda jahazi kwenda kisiwa cha Karamja, unatembea kupita shamba la migomba mpaka kwenye gati. Mara ya kwanza nilipofika pale nilikuwa juu darini nyumbani, stima imekatika mtaa mzima, simu ina asilimia ishirini, na kwenye kioo naona mtu wangu ameinama anatega dema pembeni mwa gati, pembeni yake wamejipanga watu kama kumi wa nchi mbalimbali nao wanatega, wanapiga soga. Mfuko una nafasi 28. Dema moja, sarafu za nauli ya kurudi zinachukua nafasi nyingine, zinabaki kamba 26. Kila mmoja XP 90. Nilihesabu mpaka wa 26 ukaingia, nikarudi kwenye chombo, nikalipa 30 zangu, nikaweka mzigo kwenye sanduku la benki pale bandarini Port Sarim, nikageuza. Safari ya tatu simu ikazima. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kumweleza mtu asiyecheza, nilikuwa nimepata kitu kwa kukitokea jasho na hakuna aliyeniuzia.

Na usithubutu kwenda kutega kamba bila sarafu za kurudi. Unaweza kukwama kisiwani ukalazimika kufanya kibarua cha kuchuma ndizi shambani ulipwe nauli. Liko kabisa hilo kwenye gemu, mwenye shamba anaajiri.

Kuna kwesti moja ya bure ambayo mtu wa pwani ataipenda kuliko wote, Dragon Slayer. Inataka uwe na pointi 32 za kwesti kabla hujakubaliwa, kwa hivyo zile ndogo ndogo usizidharau. Ndani yake lazima ununue chombo pale Port Sarim kwa sarafu 2,000 na chombo chenyewe kimetoboka, unashuka chini ya sitaha unaziba tundu mwenyewe kwa mbao 3, kila mbao misumari 30. Mimi nimekulia karibu na mafundi wa Matondoni, nikiwa mdogo nilikuwa nashika misumari wakigonga, kwa hivyo kufika pale nikiwa na misumari 90 mfukoni niliyofua mwenyewe niliona kama gemu imenijua. Halafu unakutana na joka na ukienda bila ile ngao ya kuzuia moto unayopewa na yule mkuu wa Lumbridge, mapigo machache tu umekwisha. Chukua ngao, jaza kamba na wale samaki wa mdomo wa upanga, usiende na uduvi.

Sasa pesa. Kucheza ni bure bila kikomo cha siku, na wanaolipa kila mwezi wanaitwa memba, wanapata ramani kubwa zaidi na fani zote, yaani ujuzi wa kukuza kama huo uvuvi. Fani ziko 24 sasa, za bure ni 15. Ya 24 ni ubaharia, imeingia Novemba 2025 baada ya wachezaji wenyewe kuipigia kura, na hii tabia ya kupigia kura karibu kila badiliko kubwa ndio imeifanya gemu isiharibiwe tena kama mara ya kwanza. Ubaharia ni wa memba tu na mimi nililipa kwa ajili yake, sijutii. Lakini wewe mgeni usilipe mwezi wa kwanza. Kwa nini nasema hivyo, sio kwamba ni ghali au rahisi, ni kwamba ukilipa utaanza kuhesabu siku zako zinaisha, utakimbizana, utafuata video za watu wa leveli za juu wanaokwambia hii njia ni ya haraka, na gemu hii ukiikimbilia inakuwa kazi ya kuchosha. Cheza bure mpaka ummalize yule joka. Ukiona bado una hamu, hapo lipa. Kuna pia kitu kinaitwa bondi, kinakupa umemba wa siku 14 na unaweza kukinunua kwa sarafu za ndani ya gemu kutoka kwa mchezaji mwingine, lakini bei inakwenda kwa mamilioni na mgeni hawezi, kwa hivyo usijitese nacho mapema.

Kuhusu muda lazima niseme wazi. Leveli ya juu kabisa ya kila fani ni 99 na inataka XP 13,034,431. Sasa sikia hili, ukifika leveli 92 ndio kwanza umefika nusu ya njia. Hiyo sio makosa, ndivyo walivyopanga. Kama wewe ni mtu wa kutaka kumaliza vitu, hii itakula usingizi wako na masomo yako, na mwanafunzi wa fomu four namwambia asubiri amalize mtihani. Mimi mwenyewe nimejiwekea, nikiweka samaki mara tano benki nazima.

Jambo la mwisho nalileta kwa uchungu. Mpwa wangu wa miaka kumi na tatu alikuwa ameuza ngozi za ng'ombe wiki tatu, akanunua kofia, ngao na upanga wa rune, madini ya ndani ya gemu, vile vya rangi ya samawati, kila siku ananionyesha. Akatokea mchezaji mmoja akamwambia wewe ni mgeni mzuri nataka nikupe zawadi, nifuate. Akamfuata kaskazini mpaka kwenye mtaro, gemu ikamtolea onyo, akalibonyeza bila kulisoma kwa sababu Kiingereza kilikuwa kirefu. Ule mtaro ndio mpaka wa Wilderness, na ukivuka mchezaji yeyote wa leveli inayokaribiana na yako anaweza kukuua akachukua vyako. Walikuwa watatu wanamsubiri. Ukifa kule unabaki na vitu vyako vitatu vya thamani tu, sarafu zote zikaenda. Alikuja mbio barazani analia, "Mjomba, wamenila!" Nilikaa naye pale mpaka magharibi na nilikasirika kuliko yeye, kwa sababu kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemfundisha gemu na sikumwambia habari ya mtaro. Kwingine karibu kote ukifa kaburi lako linakaa dakika 15 unakimbia unachukua vyako. Kule hakuna.

Kwa hivyo mtaro usivuke. Anayekwambia nipe sarafu zako nikurudishie mara mbili ni tapeli, hata ukimuona amewarudishia watu wengine mbele yako, wale ni wenzake. Weka namba nne za siri kwenye benki siku ya kwanza na uwashe ule uthibitisho wa simu kwenye akaunti. Na wale wanaouza sarafu kwa pesa za kweli waache, ni kinyume cha sheria za gemu na akaunti inafungwa, miaka yako yote inaondoka.

Kiingereza ni tatizo la kweli kwa wadogo, maelezo ni mengi na Kiswahili hakimo. Mpwa wangu sasa tunasoma pamoja, anasoma kwa sauti mimi namfasiria, na ukikwama ile tovuti ya maelezo ya wachezaji, Old School RuneScape Wiki, ina kila kwesti hatua kwa hatua. Ameshakusanya sarafu nyingine. Juzi amefika leveli 40 ya uvuvi na kesho nampeleka Karamja, ukituona pale gatini mtu mzima na mtoto tunatega pamoja njoo utusalimie, na ukiwa huna nauli ya kurudi nitakupa sarafu 30 bure.