Pete ya "tsavoraiti" niliyomnunulia mama

Kabla ya Ramadhani nilikwenda Mji wa Kale kumtafutia mamangu pete. Muuzaji akanitolea ya fedha yenye jiwe la kijani, akaapa ni tsavoraiti halisi ya Taita. Moyo ukaniruka. Jiwe hili ni letu, limeitwa kwa jina la Tsavo, na huku Kenya lilipatikana mwaka 1971. Nikalipa shilingi 6,500. Urahisi wa bei hiyo peke yake ungetosha kunishtua.

Haikufika miezi minne jiwe likafifia, kingo zikalika, uso ukajaa mikwaruzo. Na mama si mtu wa kazi za sulubu. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee. Akalitazama kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha akanipa nami nitazame. Ndani mna viputo vya hewa, viduara kabisa.

"Hiki kioo, mwanangu."

Akanieleza kuwa kioo kikiyeyushwa hutiwa kromu au chuma kipate ukijani, na kingine huongezwa madini ya risasi kimetemete zaidi, lakini risasi hiyo hiyo hukilainisha. Kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe, kioo ni kama 5 na nusu. Tsavoraiti hufika 7 na kupita. Vumbi la nyumbani nalo lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Kumbe kila mama alipoipangusa pete yake kwa leso alikuwa akiikwaruza!

Sina ugomvi na mawe ya kuiga. Herini nilizovaa harusi ya dadangu ni za zirkonia, na aliyeniuzia alitamka mwenyewe: "Si almasi hizi, dada, ni za kiwandani." Shilingi 1,200. Mwaka wa tatu huu zinang'aa vile vile, kwani zirkonia ni ngumu, 8 na nusu. Ni nzito tu kuliko almasi ya ukubwa huo huo, sikio hulihisi. Hizo nazipa nyota 5, na nitanunua tena.

Pete naipa 1, kwa ajili ya fedha yake, ambayo sonara aliipima akaikuta safi. Niliirudisha dukani, muuzaji akataka kunibadilishia kwa jiwe jingine. Nikamwambia aniandikie kwenye risiti "tsavoraiti ya asili". Akakataa kushika kalamu. Nikachukua pete yangu nikaondoka, na sonara yule ameng'oa kile kioo akamwekea mama akiki.