Kutembezwa Kilwa Kisiwani baada ya UVIKO-19: tathmini ya huduma

Tathmini hii inahusu huduma ya kutembezwa katika magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi: kibali kinachokatwa Kilwa Masoko, mashua ya kuvukia na mwongoza watalii. Kibali hakikuchukua muda. Mwongozaji ni bora kuliko wengi niliowapata katika miji mikubwa ya kitalii. Usafiri na chakula bado vina majeraha ya mwaka 2020, na si haki kuvipima bila kueleza majeraha hayo yalitoka wapi.

Mwongozaji wetu, mzaliwa wa kisiwa hicho, hakutuharakisha. Katika Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11, alituonyesha jinsi mawe ya matumbawe na chokaa yalivyojengewa kuba zinazosimama hadi leo. Kule Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, alitueleza habari za birika la pembe nane na dhahabu ya Sofala, bandari iliyo Msumbiji ya leo, iliyogharimia fahari ile, kisha akaitaja ziara ya msafiri Ibn Battuta ya mwaka 1331 bila kuitia chumvi. Mama mmoja katika kundi letu alipotaka kujua kama Gereza, yaani ngome iliyo ufukweni, ni la Wareno au la Waarabu, alimjibu kwa upole: "Mama, Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, na hili unaloliona Waomani walilijenga juu ya magofu yake." Maarifa ya namna hii hayapatikani kwa kukariri kijitabu, na ndiyo maana inaniuma kwamba janga lilikaribia kuyapoteza.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 16 Machi 2020. Mwezi uliofuata safari za ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, zikarejeshwa mwezi Mei. Anga lilifunguliwa, lakini wageni hawakurudi, kwa kuwa nchi walizotoka zilikuwa zimejifungia: idadi yao ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020. Kilwa, ambayo hata kabla ya hapo ilipata makombo ya Serengeti na Zanzibar, ilibaki karibu mikono mitupu. Mwongozaji alituambia kwamba yeye alirudi kwenye shamba la ufuta, na wenzake wakaingia kwenye uvuvi wa pweza, ambako baadhi yao wamebaki hadi sasa.

Mashua nazo hazikusalimika. Chombo cha mbao kinachokaa ufukweni bila kazi hukauka na kuachia maungio, na mwenye chombo asiye na kipato hawezi kukitia kalafati ya kuziba maungio wala kukipaka deheni, yaani mafuta ya kukinga mbao. Tulisubiri gatini muda mrefu kwa sababu vyombo vilivyo tayari ni vichache, na nahodha akataka kuongeza nauli baada ya sisi kupanda. Ninaielewa shida iliyomfikisha hapo, lakini kitendo hicho kinamfukuza mgeni ambaye angerudi.

Nchi ndogo za Bahari ya Hindi zilipigwa vibaya zaidi. Mauritius ilipokea wageni takribani milioni 1.38 mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakafika takribani 309,000 tu; hata hivyo serikali yake ilichangia mishahara ya wafanyakazi wa kampuni binafsi ili wasiachishwe kazi. Nahodha na mamantilie wa Kilwa hawamo katika orodha ya mishahara ya mtu yeyote, kwa hiyo msaada wa aina hiyo, hata kama ungekuwapo, usingejua pa kuwapata. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia matengenezo: wenye mashua wasajiliwe kwa umoja wao, na nauli ziandikwe kwa Kiswahili kwenye ubao pale gatini. Wanafunzi na familia kutoka Lindi, Mtwara na Dar es Salaam hawategemei ndege za kimataifa, lakini hawawezi kupanga safari ambayo gharama yake inajulikana wakiwa wameshapanda.

Ninawashauri wasomaji waende, wamwombe mwongozaji aliyezaliwa kisiwani, na wapatane nauli ya kwenda na kurudi mbele yake. Chakula kiagizwe siku moja kabla, kwa sababu tangu wakati wa janga akina mama wa kisiwani tuliozungumza nao hawapiki tena kwa kubahatisha; tuliopita bila kuagiza tuliambulia madafu.