Uchuje data inapoingia au inapoonyeshwa?

Mfumo wa zamani wa PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti) wa SACCO hapa Kampala unahifadhi maoni ya wanachama. Mmoja akipachika `<script>`, yaani lebo ya HTML inayobeba msimbo, msimbo wake utaendeshwa kwenye kivinjari cha karani.

Kuchuja inapoingia ni nafuu: fomu ni chache. Lakini msimbo mbaya uliokwisha kuhifadhiwa unabaki palepale, na kichujio kikigeuza alama kabla ya kuhifadhi, jina lenye ng' hutoka kwenye risiti likiwa `ng'`. Kuharibu jina la mtu silikubali.

Kugeuza alama (mfano `<` kuwa `<`) kwa `htmlspecialchars`, kitendaji cha PHP, wakati wa kuonyesha hukinga hata data ya zamani, ila upitie kila ukurasa. Kabla ya PHP 8.1, kipe kitendaji hicho chaguo la `ENT_QUOTES`, la sivyo alama ya nukuu moja (') inapita bila kugeuzwa.

Una kurasa kumi? Geuza unapoonyesha. Una mia na msanidi mmoja? Chuja maoni kwanza, si majina, kisha geuza unapoonyesha, ukianza na kurasa za karani.